Kiti cha bodi ya elimu Texas huamuliwa Machi, wapiga kura wengi wakiwa hawapo

Novemba 2024, Bodi ya Elimu ya Jimbo la Texas ilipitisha vitabu vipya vya kusoma na kuandika kwa watoto wa chekechea hadi darasa la tano. Mpango huo unaitwa Bluebonnet Learning, na ndani yake mna masomo kadhaa yaliyotolewa katika Biblia. Mtoto wa chekechea anafundishwa kuwatendea wenzake kama anavyopenda kutendewa, na somo linamweleza kuwa hayo ni mafundisho ya Yesu. Mwenzake wa darasa la tano anatazama mchoro wa Leonardo da Vinci wa Karamu ya Mwisho, kisha anasomewa kisa chenyewe kutoka Injili ya Mathayo. Walimu, wazazi na viongozi wa dini walikwenda Austin kuzungumza mbele ya bodi kwa saa nyingi, wengine wakiunga mkono, wengine wakipinga. Kura zilipohesabiwa zilikuwa 8 kwa 7.

Iangalieni vizuri hiyo kura moja. Aicha Davis wa chama cha Democratic, mjumbe wa Eneo la 13 upande wa Dallas na Fort Worth, alikuwa ameacha kiti chake ili agombee Bunge la jimbo. Wananchi wa eneo hilo walikwishampata mrithi: Tiffany Clark, wa chama hicho hicho, alipita bila mpinzani katika uchaguzi wa Novemba 5 na alikuwa anasubiri kuapishwa Januari. Lakini siku chache kabla ya uchaguzi huo Gavana Greg Abbott alikuwa amemteua Leslie Recine wa Republican akalie kiti hicho kwa muda. Recine alipiga kura ya ndiyo. Wajumbe watatu wa Republican walijitenga na chama chao wakapinga pamoja na Wademocrat wote waliokuwapo, na bado haikutosha.

Gavana hakuvunja sheria. Katiba ya Texas inampa mamlaka ya kujaza nafasi iliyo wazi. Ninachosema ni kwamba kitabu atakachofungua mtoto wa miaka mitano kiliamuliwa na kiti ambacho wakazi wake wengi hawajui hata kama kipo. Na kiti hicho kikigombewa, mgombea wake haulizwi maswali hata robo ya yale anayoulizwa mgombea wa udiwani.

Bodi hiyo ina wajumbe 15. Kila mmoja huchaguliwa na eneo lake kwa kipindi cha miaka minne, anagombea kwa tiketi ya chama, na halipwi mshahara. Hurudishiwa nauli na gharama za safari tu. Kazi yao kubwa ni kuandika viwango vya masomo, yaani waraka unaoeleza mtoto wa kila darasa lazima ajue nini katika hisabati, sayansi, historia na mengineyo. Sisi Tanzania tungeuita muhtasari wa somo. Waraka huo unawagusa wanafunzi zaidi ya milioni 5 wa shule za umma. Mitihani ya jimbo hutungwa kutokana nao, na wachapishaji huandika vitabu wakiufuata.

Halafu kuna fedha, na hapa ndipo ninaposhangazwa na ukimya wa kampeni. Mwaka 1854 Texas ilianzisha Mfuko wa Kudumu wa Shule kwa dola milioni 2, zilizotoka katika fedha ambazo serikali kuu ya Marekani iliilipa Texas ili iachie madai yake ya ardhi. Leo mfuko huo una zaidi ya dola bilioni 50, umekuzwa na mapato ya mafuta na gesi pamoja na uwekezaji. Bodi ya elimu ina kauli katika kiasi kinachotolewa kwenda shuleni, na wajumbe wake watano wanaketi katika bodi ya watu tisa inayousimamia uwekezaji huo tangu sheria ya mwaka 2021. Mfuko huo huo hudhamini hatifungani, yaani hati za mkopo, za wilaya za shule, na ndiyo maana wilaya ndogo ya vijijini inaweza kukopa kwa riba nafuu ikajenga madarasa. Mgombea anaweza kuzunguka eneo zima miezi sita, akashinda, na asiulizwe hata mara moja kama anaelewa hatifungani ni kitu gani.

Badala yake ahadi zinazosikika ni za mambo ambayo bodi haina mamlaka nayo. Mgombea mmoja anaahidi kupandisha mishahara ya walimu, kazi ambayo ni ya Bunge la jimbo na wilaya za shule. Mwingine anaapa kupambana na vocha za kulipia shule binafsi, au kuzitetea, ilhali vocha zilipitishwa na Bunge na kutiwa saini na gavana mwaka 2025 bila bodi kupiga kura. Wa tatu anasema atamwajibisha kamishna wa elimu, wakati kamishna Mike Morath, aliye kazini tangu 2016, aliteuliwa na gavana. Mpiga kura akisikia ahadi za namna hiyo anapaswa kujua mara moja kwamba mtu huyu ama hajaisoma kazi anayoiomba, ama anategemea kwamba wewe hujaisoma.

Kwa nini hali ni hii? Wengi husema ni udini, au ni Texas tu na mambo yake. Mimi naona chanzo ni hesabu. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 29,145,505 Texas. Gawa kwa 15: kila mjumbe wa bodi ya elimu anawakilisha watu wapatao milioni 1.94. Mbunge wa Texas katika Bunge la Marekani kule Washington anawakilisha kama 767,000. Seneta wa jimbo, kama 940,000. Kwa hiyo mtu asiye na mshahara wala jina linalojulikana anatakiwa ajitambulishe kwa watu zaidi ya mara mbili ya wale wa mbunge mwenye mamilioni ya dola za kampeni na matangazo ya televisheni. Haiwezekani. Yapo maeneo ambayo kutoka pembe moja hadi nyingine ni mwendo wa siku nzima kwa gari. Mgombea hawezi kugonga milango ya watu milioni mbili, na gazeti la mtaani, pale lilipobaki, haliwezi kumfuatilia.

Matokeo yake ni kwamba anayemfanyia mgombea kazi ni chama. Mtu akifika kituoni Novemba, akiwa ameshachagua rais au gavana, anakutana na jina geni chini ya karatasi, anatazama chama, anaweka alama. Na kwa kuwa mipaka iliyochorwa na Bunge mwaka 2021 imeyafanya maeneo mengi kuwa ngome ya upande mmoja, mshindi wa Novemba anajulikana mapema. Uchaguzi wenyewe unakuwa umeshafanyika Machi, katika kura za mchujo ndani ya chama. Mwaka 2022 na tena mwaka 2024, chini ya moja ya tano ya waliojiandikisha Texas walijitokeza kwenye mchujo, ukijumlisha vyama vyote viwili. Hao ndio walioichagua bodi.

Muulizeni Pat Hardy wa Fort Worth. Alikuwa mwalimu wa historia, Republican asiyetiliwa shaka, na alikaa kwenye bodi zaidi ya miaka ishirini. Machi 2024 alishindwa katika mchujo na Brandon Hall, mchungaji aliyemshambulia kutoka upande wa kulia. Hardy alikuwa miongoni mwa wale Warepublican watatu waliosema hapana kwa Bluebonnet Novemba ile, tayari akijua kwamba anaondoka. Mjumbe yeyote aliyebaki ndani ya ukumbi alikuwa ameshaona yaliyomkuta mwenzake, na kalenda ya mchujo ujao anayo mfukoni.

Mchujo huo huo hata hivyo umewahi kufanya kazi njema, na inafaa kuangalia ilikuwaje. Mwaka 2016 huko Texas Mashariki aligombea Mary Lou Bruner, mwalimu mstaafu aliyekuwa ameandika kwenye Facebook madai ya uongo na ya aibu kuhusu Rais Barack Obama. Magazeti ya nchi nzima yalimwandika. Machi alipata asilimia 48, akakosa kidogo tu kushinda moja kwa moja, kwa hiyo ikabidi duru ya pili ifanyike Mei kati yake na Keven Ellis, aliyekuwa rais wa bodi ya shule za Lufkin. Habari za Obama hazikumwangusha. Wafuasi wake walizijua zamani. Kilichomwangusha ni mkutano na wakurugenzi wa shule za eneo lile, ambako alitaja takwimu za shule zao, nao wakamwambia pale pale kwamba si sahihi. Waliokuwa wakimuunga mkono, pamoja na kundi la kihafidhina lililokuwa limempitisha, wakaanza kujiondoa. Mei, Ellis akashinda kwa tofauti kubwa, na baadaye akawa mwenyekiti wa bodi.

Nasisitiza kisa hiki kwa sababu kinaonyesha ni swali la aina gani linalomfikia mpiga kura wa mchujo. Kumwita mgombea mbaguzi au mshamba hakukusaidia kitu. Kumuuliza shule hii ina wanafunzi wangapi wa elimu maalumu, na kumsikia akikosea mbele ya watu wanaozijua hesabu hizo, kulimaliza kazi.

Hata mwenyekiti anaweza kuanguka. Don McLeroy, daktari wa meno wa mji wa Bryan, aliteuliwa na Gavana Rick Perry kuongoza bodi mwaka 2007, akaipeleka kwenye vita virefu kuhusu nadharia ya mageuko ya viumbe katika viwango vya sayansi. Seneti ya jimbo ilikataa kumthibitisha uenyekiti mwaka 2009, na Machi 2010 Thomas Ratliff akamshinda katika mchujo wa Republican kwa kura kama 400 hivi, kati ya kura zaidi ya laki moja. Kwa mgawanyo wa namna hiyo, kanisa moja kubwa au chumba cha walimu wa shule chache za sekondari wangetosha kugeuza matokeo.

Wapo wasomi wanaosema dawa ni kuacha kuchagua, tuwaachie wataalamu. Texas ilishajaribu. Mwaka 1984, katika mageuzi makubwa ya elimu yaliyosukumwa na tajiri Ross Perot, bodi ya kuchaguliwa ilivunjwa ikawekwa ya kuteuliwa. Novemba 1987 wananchi waliulizwa kama wanataka iendelee kuteuliwa, wakakataa, na uchaguzi ukarudi mwaka 1988. Naamini walikuwa sahihi. Anayeteua ni gavana, na gavana naye ana chama, ana wafadhili, ana mchujo wake wa kuogopa. Kisa cha Eneo la 13 kimetuonyesha uteuzi unavyoweza kutumika, na huo ulikuwa uteuzi wa wiki chache tu.

Kansas inatoa somo la upande wa pili. Kule bodi ina wajumbe 10, wanachaguliwa kwa chama vilevile, lakini jimbo lina watu chini ya milioni 3, hivyo kila mjumbe ana watu chini ya 300,000. Agosti 1999 bodi hiyo iliondoa sehemu kubwa ya nadharia ya mageuko katika viwango vya sayansi kwa kura 6 kwa 4. Mwaka mmoja baadaye, katika mchujo wa Agosti 2000, wapiga kura wa Republican wenyewe walimwondoa mwenyekiti Linda Holloway na wenzake, na Februari 2001 viwango vikarudishwa. Wahafidhina wakajipanga upya, wakapata wengi, na Novemba 2005 wakabadilisha tena, 6 kwa 4. Agosti 2006 wakaondolewa tena kwenye mchujo, na Februari 2007 viwango vikarudi.

Eneo likiwa dogo, habari inasambaa, watu wanamjua mgombea, na wanaweza kumwajibisha ndani ya miezi kumi na miwili. Hilo ni jema. Ila mwalimu wa biolojia wa Wichita alibadilishiwa viwango mara nne ndani ya miaka minane, na mwanafunzi aliyeanza shule ya msingi mwaka 1999 alipita katika mivutano yote hiyo. Gharama hiyo siifichi, na anayetetea uchaguzi lazima aikubali.

Turudi Texas, tuone viwango vinavyoandikwa. Katika viwango vya historia vya mwaka 2010, sababu za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani ziliorodheshwa hivi: mgawanyiko wa kikanda kwanza, haki za majimbo pili, utumwa wa tatu. Kwa mpangilio huo mtoto anaweza kumaliza somo akidhani majimbo ya kusini yaliasi kwa sababu ya ubishi wa mamlaka, na utumwa ulikuwa jambo la pembeni. Mwaka 2018 bodi ilirudi kwenye mstari huo ikauandika upya: kuenea kwa utumwa ndiko kulikokuwa kiini cha mgawanyiko, cha mabishano kuhusu haki za majimbo, na cha vita vyenyewe. Ni sentensi moja. Ilichukua miaka minane, uchaguzi wa wajumbe mara kadhaa, na ushahidi wa wanahistoria mbele ya bodi. Watoto waliosoma katikati ya miaka hiyo hawatarudishwa darasani.

Septemba 2025 bodi ilikubali mpangilio mpya wa masomo ya jamii unaoipa historia ya Texas na ya Marekani nafasi kubwa zaidi, huku somo la tamaduni za dunia la darasa la sita likipoteza nafasi yake kama somo linalojitegemea. Hapo ndipo jambo hili linapoingia nyumbani kwa wasomaji wengi wa makala hii. Houston, Fort Worth, Dallas na Abilene kuna familia nyingi zilizotoka Kongo Mashariki, nyingine zikiwa zimepitia kambi za Tanzania, na Kiswahili ndiyo lugha ya mezani. Kwa mtoto wa familia hiyo, darasa la sita ndipo Afrika ilipokuwa inatajwa kwa kituo kama mahali penye watu, miji na historia. Wenye jukumu la kuamua kama atakutana nayo tena, na katika darasa gani, ni watu wale wale 15.

Nimesikia wazazi wetu wakisema, "Hayo ni ya wizara." Ni kauli ya mtu aliyelelewa katika mfumo ambao mtaala unatoka makao makuu: Taasisi ya Elimu Tanzania inaandika, wizara inatangaza, mwalimu anapokea. Hakuna mahali ambapo mama wa mwanafunzi aliulizwa. Texas anaulizwa, mradi awe raia na awe amejiandikisha siku 30 kabla ya uchaguzi. Hahitaji kuwa mwanachama wa chama chochote. Akifika kituoni Machi anachagua mwenyewe ni mchujo wa chama gani atapigia. Katika eneo ambalo Republican hushinda daima, mzazi anayesubiri Novemba amesubiri bure, hata kama moyo wake uko upande mwingine. Aende kwenye mchujo wa Republican amchague yule anayejua kazi. Ushauri huo nautoa hivyo hivyo kwa mhafidhina anayeishi kwenye ngome ya Democratic.

Na wagombea waulizwe yanayopigiwa kura. Shule za mkataba, zinazoendeshwa na taasisi binafsi kwa fedha za umma, haziwezi kufunguliwa na mwendeshaji mpya ikiwa bodi itaweka pingamizi: utatumia kigezo gani kupinga? Wilaya ya shule inayochukua Bluebonnet inapata hadi dola 60 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, fedha ambazo wilaya maskini haiwezi kuzipuuza: je, huo bado ni uamuzi wa hiari? Mfuko wa Kudumu utoe kiasi gani mwaka huu, na kibaki kiasi gani kwa wajukuu? Mgombea akijibu kwa hotuba kuhusu mapenzi yake kwa watoto, arudishwe kwenye swali.

Lakini siwezi kuwatwika wapiga kura mzigo wote wakati mfumo umejengwa usipenyeke. Kabla ya 1984 bodi ya Texas ilikuwa na wajumbe 27, mmoja kwa kila eneo la ubunge wa Marekani. Utaratibu huo ungekuwapo leo, wajumbe wangekuwa 38. Idadi ya 15 haimo kwenye Katiba ya jimbo. Imo kwenye sheria, na Bunge linaweza kuibadilisha kikao chochote. Bodi ya watu 31 inayofuata mipaka ya Seneti ingepunguza eneo la kila mjumbe kwa zaidi ya nusu. Watasema bodi kubwa ni nzito, mikutano yake haitaisha, na hoja hiyo ina uzito wake, maana hata hawa 15 wameshakesha ukumbini mara nyingi. Lakini Seneti ya Texas ina watu 31 na inapitisha bajeti ya jimbo zima, na sijamsikia seneta yeyote akipendekeza wapunguzwe wawe 15.